Ferdilia Mathurin, Aliyepamba Sikukuu ya Waridi na ya Magwit

Siku moja Kerlyn, mjukuu wake, akiwa na miaka sita na mdomo usio na mlango, alimuuliza bibi yake wakichuma maua kando ya barabara ya Ti Rocher: "Bibi, ukifa, nani watakuimbia? Waridi au Magwit?"

Bibi hakushtuka. Alikata tawi, akalikung'uta sisimizi watoke, akasema, "Ngoja kwanza nife, mwanangu. Shika kikapu."

Swali lile lilitoka kinywani mwa mtoto, lakini watu wazima walilikwepa kwa miaka hamsini. Kila aliyeketi hapa kanisani leo ni wa kimoja cha vyama vyetu viwili vya kuimba vyenye majina ya maua. Kuna Waridi, wenye nyekundu yao, ngoma na vishindo. Kuna Magwit, wenye kiua chao cha duara cha zambarau, wanaoimba wameketi, polepole, kana kwamba hakuna kesho. Na wote tunakumbuka mazishi ya seremala Alcide, pande zote mbili zilipomdai na kumwimbia kwa wakati mmoja, kila upande ukipandisha sauti, mpaka padri akafunga kitabu akaenda kukaa garini. Familia ya Ferdilia iliogopa hilo kuliko kifo chenyewe.

Marehemu Ferdilia Octavie Mathurin, aliyezaliwa Polius, alikuja duniani tarehe 14 Machi 1948 hapahapa kisiwani, Ti Rocher, Micoud, akiwa mtoto wa nne kati ya sita wa Bwana Emmanuel Polius, mkata ndizi, na Bi. Edwina, Malkia wa Waridi kwa miaka kumi na tisa. Wanasema kilio chake cha kwanza kilifuata ngoma.

Alisoma shule ya msingi ya hapa kijijini kuanzia 1954 hadi 1962. Alikuwa mdogo wa umbo na mwenye haya nyingi. Mwalimu akimwita jina tu, anajikunja. Uwanjani kulijaa kifaurongo, mmea unaofunga majani ukiguswa, na watoto walikuwa wakikigusa majani huku wakiimba, "Mari, funga mlango, polisi anakuja!" Kisha wanamgusa Ferdilia begani na kumwimbia yeye vilevile. Kwa kuwa macho yake yalikuwa chini muda wote, akaishia kujua kila kilichoota huko chini. Kitu kimoja tu kilimkunjua, nacho ni wimbo. Akiimba na Waridi pamoja na mama yake, alisimama wima kama mtu mwingine kabisa.

Alianza kazi akiwa na miaka kumi na minne, akifungasha ndizi, na hakuiacha mpaka bei ya ndizi ilipoanguka. Lakini kazi ambayo wengi mnamjua nayo hakulipwa hata senti. Tangu 1966 alipamba altare hii, na ukumbi wa Waridi kila tarehe 30 Agosti, na ukumbi wa Magwit kila tarehe 17 Oktoba. Hakununua ua. Balizye nyekundu, zenye majani kama ya mgomba, alizitoa bondeni, tangawizi pori nyeupe kwenye vijito, koralita, ile itambaayo yenye maua ya rangi ya waridi, kwenye kuta za nyumba zilizoachwa, na vile viua vya msituni ambavyo ukigusa maganda yake yanapasuka na kukurushia mbegu usoni. Padri mmoja mgeni aliwahi kumuuliza, "Mama, haya si magugu?"

"Padri, gugu ni kile kilichoota ulipotaka kabichi. Hapa ulitaka kabichi?"

Kerlyn alipojifunza shuleni kwamba mingi ya mimea hiyo si ya hapa, alirudi mbio kumwambia. Koralita ilitoka Meksiko. Tangawizi ile, Bara Hindi. Kifabakazi, mti unaowasha milima yote moto kwa maua yake, ulitoka Afrika.

"Na sisi tulitoka wapi?" bibi akauliza.

"Wengi wetu, Afrika, Bibi."

"Basi nyamaza, usije ukawafukuza wageni wenzako."

Ndoa yake ilianza kwa kukamatwa. Sikukuu ya Magwit ya 1971 alizungushia kiti cha mfalme wao koralita tupu, kwa sababu ndiyo iliyokuwa imechanua vizuri mwaka ule. Polisi wa sikukuu, kijana Leonce Mathurin mwenye kofia ya kuazima na beji ya kadibodi, akamshika mkono.

"Dada, uko chini ya ulinzi. Umeleta rangi ya Waridi kwenye kiti cha mfalme wetu."

"Hiyo si waridi, hiyo ni koralita. Imeota ukutani kwa shangazi yako, na hajawahi kuikata kwa uvivu."

Ukumbi ukaangua kicheko. Hakimu wa sikukuu akamhukumu aimbe. Akaimba, na alioimba ni wimbo wa Waridi, mwanzo mpaka mwisho, mbele ya Magwit wote! Aliyetakiwa kumnyamazisha ni polisi. Polisi alikuwa amevua kofia.

Walifunga ndoa tarehe 28 Aprili 1973. Bi. Edwina alikuja amevaa nyekundu kichwani mpaka miguuni, akaketi kiti cha nyuma. Kuanzia hapo Waridi wakasema, "Tumemzaa sisi," na Magwit wakasema, "Tumemwoa sisi." Ferdilia akaacha kuimba na upande wowote. Aliendelea kuwapamba wote, ila sauti yake mliisikia bondeni tu, alipodhani yuko peke yake. Bwana Leonce alitangulia mbele za haki mwaka 2011.

Kisukari kilimwanza mwaka 2009, na Februari mwaka huu akapata kiharusi. Alilazwa hospitali ya Vieux Fort majuma mawili, na familia inawashukuru wauguzi waliomvumilia alipowapangia upya maua ya mezani. Nyumbani hakuweza tena kutembea, basi wajukuu wakamletea bonde kitandani. Siku mbili za mwisho maumivu yalimwacha kabisa. Aliaga dunia asubuhi ya Jumamosi, tarehe 21 Septemba 2024, akiwa na miaka 76, madirisha wazi, binti yake Marcellina akimchana nywele. Tumelia, na tumeshusha pumzi pia, kwa kuwa aliteseka na sasa hateseki.

Kesho yake, ndugu hawajamaliza hata kunywa kakao, Ma Hortense, Malkia wa Waridi, aliingia kwa mlango wa mbele, na Bwana Sylvestre, Mfalme wa Magwit, kwa wa nyuma.

"Sauti tulimpa sisi," Ma Hortense alianza.

"Na mume tukampa sisi."

"Mume! Mume alikuja kumkamata!"

Gregor, mwana wa marehemu, alibaki ameshika birika hewani. Ndipo Kerlyn akawaambia kwamba bibi alishalijibu swali lile, mwezi Juni, bila kuulizwa tena, akipanga viua kwenye glasi kwa mkono mmoja. Walisikiliza. Bwana Sylvestre alikaa. Ma Hortense alicheka mpaka akafuta macho kwa kilemba: "Jamani, huyu mama ametuweza!" Tangu jioni ile mmeona wenyewe: Waridi wanagonga milango ya Magwit, Magwit wanawasimamisha Waridi njiani, wakiulizana maneno na kuandikiana viganjani. Kwa mara ya kwanza tangu msiba uingie, familia ililala.

Marehemu ameacha dada mmoja, Bi. Léontine, watoto watatu, Marcellina, Gregor na Perpetua, wajukuu saba, akiwemo Kerlyn, kitukuu mmoja, na bonde zima lililochanua. Mungu amlaze pahali patulivu, pasipo wa kumvuta mkono huku na huku.

Na jibu alilompa mjukuu wake, ambalo mtalisikia likitimia kaburini muda mfupi ujao, ni hili:

"Waridi waimbe nyimbo za Magwit, na Magwit waimbe za Waridi. Wataogopa kukosea, mpaka watasahau kugombana."