Friji la Mama Mkwe

Benchi la nje ya kinyozi lilikuwa na mguu mmoja mfupi, mpaka juzi Volti, fundi umeme wa mtaa, alipouwekea chuma kizito kilichozungushiwa waya wa shaba. Tangu hapo kahawa haimwagiki, na Volti anaheshimika. Leo lakini amejikunyata. Inverta, kile kisanduku cha kugeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani, aliyomfungia mama mkwe wake inaliunguza friji polepole, na humo ndimo inamokaa dawa ya sukari ya mama huyo. Mkewe amempa mpaka saa kumi jioni awe ameitengeneza.

— Linangurumaje? aliuliza Kinyozi.

— Kama linapanda mlima. Umeme unatoka na kona kona, hautiririki. Mota haiutaki.

— Nyosha nyaya, alisema Profesa, muuza mitumba aliyeiona shule dirishani. Waya ukipinda, umeme nao unapinda.

— Kumbe! Na vitabu vyote vile vimetudanganya, alisema Kinyozi.

— Friji limezoea umeme wa serikali, aliongeza Mzee Kikombe akimimina kahawa. Liacheni wazi, lizoee taratibu.

— Na dawa? aliuliza Volti.

— Nayo izoee.

Volti alicheka kwa adabu.

— Wewe hukuigusa hiyo inverta ndani? aliuliza Kinyozi.

— Niliipunguza uzito tu, ikae vizuri ukutani.

— Basi ipake rangi nyeupe, Profesa aliamua. Inverta nyeupe hutoa umeme mpole.

— Huyu angekuwa waziri, sote tungelala gizani kwa raha, alisema Kinyozi.

Hapo akatokea mama mkwe, mkono mmoja chupa ya barafu yenye dawa yake, mkono mwingine karatasi ya maelekezo.

— Shikamoo, mama, aliamkia Volti, na benchi zima likamsaidia.

— Marahaba, wanangu. Mkwe, nimevaa miwani nikaisoma hii. Inasema ndani ya inverta mna chuma kilichozungushiwa waya wa shaba, kazi yake kuulainisha umeme usiwe na kona. Nimefungua inverta, sikukiona. Kiko wapi?

Kinyozi alikazia macho kioo chake. Mzee Kikombe akafuta kikombe kilichokuwa safi.

Kisha mmoja mmoja wakasimama kutoka benchini. Volti akainama, akakichomoa chuma chini ya mguu mfupi, akakifuta vumbi kwa shati lake.

Benchi likalala ubavu, na kahawa yote ikaenda nalo.