Chai Isiyo na Tangawizi

DADA: Haloo? Nani mwenzangu? Namba hii siijui.

KITINDA: Ni mimi, dada. Shikamoo.

DADA: Marahaba. Kitinda? Umebadilisha laini?

KITINDA: Ya shemeji yako hii. Yangu leo mtandao haushi— [mkwaruzo] —haushiki kabisa. Mbona kelele hivyo?

DADA: Cherehani. Sare za watoto wa shule, zimenibakia kola tu. Ngoja niache kukanyaga. Haya. Mama hajambo?

KITINDA: Hajambo, kapumzika ndani. Dada, nimekupigia kuhusu kesho—

DADA: Kesho asubuhi niko mlangoni kwako. Mwambie afunge mizigo yake leo, asije akaanza kutafuta mtandio mimi nimeshafika.

KITINDA: Ndiyo hilo nilitaka—

DADA: Shuka zake nimefua. Na tangawizi nimepata ile ndogondogo, kali, ukiimenya tu unapiga chafya. Nimeshaitwanga. Wiki tatu bila chai yangu! Maskini mama, ulimi utakuwa umemlala.

KITINDA: Anakunywa chai huku, dada. Usihofu.

DADA: Anakunywa?

KITINDA: Vikombe viwili. Akiona birika bado lina kitu, anaongeza cha tatu.

DADA: Cha tatu? Mama huyu huyu? Kwangu kimoja kinamshinda, nusu inabaki.

KITINDA: Labda hali ya hewa.

DADA: Hali ya hewa gani, Kitinda, kutoka kwangu hadi kwako ni nauli moja! Unampikiaje? Tangawizi unatwanga au unatia nzima?

[mkwaruzo]

KITINDA: Haloo? Haloo? Sikusikii.

DADA: Unanisikia vizuri sana. Tangawizi, nasema. Unatia kiasi gani?

KITINDA: Simtilii, dada.

DADA: Humtilii nini?

KITINDA: Tangawizi. Wala maziwa. Wala iliki.

DADA: Kwa hiyo unampa mama yangu maji ya moto.

KITINDA: Chai ya rangi. Majani mengi mpaka iwe nyeusi, sukari, basi. Ndiyo anayoipenda.

DADA: Kasema nani?

KITINDA: Mwenyewe.

DADA: [anacheka] Mwenyewe! Mama niliyemwona kwa macho yangu, tangu sijaota meno, akimpikia baba chai ya tangawizi kila asubuhi!

KITINDA: Umesema vizuri. Akimpikia baba.

DADA: Na yeye akinywa!

KITINDA: Sasa angebandika sufuria mbili? Baba alipenda tangawizi, nyumba nzima ikapenda tangawizi. Nani aliulizwa?

DADA: Kitinda, usinichezee. Mama amekaa kwangu tangu tumzike baba. Kila siku namwekea kikombe mkononi, kila siku ananiambia, "Ahsante mwanangu, Mungu akubariki."

KITINDA: Ahsante kweli alisema. Alisema tamu?

[cherehani inalia kidogo, inasimama]

KITINDA: Dada? Upo?

DADA: Nipo.

KITINDA: Asubuhi ile ya kwanza kwako, ulimletea kikombe ukamwambia, "Mama, nimeipika kama ya baba." Sasa angekujibu nini?

DADA: Angejibu sitaki! Ana mdomo! Watu wazima anawagombeza sokoni, mimi anashindwa kuniambia sitaki?

KITINDA: Ulikuwa unalia, dada.

DADA: Akibakiza, mimi nilidhani haijakolea. Nikawa naongeza.

KITINDA: Anajua. Aliniambia, "Dada yako nikibakiza kesho yake inakuwa moto zaidi, mpaka masikio yanawaka." [anacheka kidogo] Samahani.

DADA: Cheka. Cheka tu. Na wewe ulijua tangu lini?

KITINDA: Siku nyingi kidogo.

DADA: Kidogo au nyingi?

KITINDA: Siku ile ulikwenda kupeleka nguo za harusi kwa wateja, mimi nikabaki naye. Uliponyanyua mguu tu, akanishika mkono. "Kitinda mwanangu, nipikie chai ya watu." Aliinywa mpaka akafumba macho. Nikamwonea huruma.

DADA: Na mimi hukunionea.

KITINDA: Alinikataza nisiseme. Alisema utaumia—

DADA: Ngoja. Ngoja kwanza. Siku nyingi, halafu ukanyamaza, halafu kila Jumamosi unakuja kwangu na... Kitinda.

KITINDA: Abee.

DADA: Ile chupa ya dawa ya kifua.

[mkwaruzo]

DADA: Usiniletee habari za mtandao. Ile chupa ya bluu unayokuja nayo kila Jumamosi. Ndani mlikuwa na nini?

KITINDA: Dada, lilikuwa wazo lake.

DADA: Mlinikataza kuifungua! Eti ikipigwa na hewa inapoteza nguvu! Nikawa namtolea mama kikombe safi, nawafungia mlango, nawazuia wateja wangu wasipige kelele, mgonjwa anakunywa dawa!

KITINDA: Tulikuwa tunaona aibu—

DADA: Ikiisha, naiosha kwa mikono yangu. Nikakuuliza, mbona dawa hii inaacha majani chini? Ukanijibu ni majani ya mti.

KITINDA: Ni majani kweli, dada.

DADA: Kumbe una mzaha! Majirani wote nimewaambia mama ana kifua. Nilimshonea sweta, mimi, joto lote lile. Akalivaa! Akanikoholea mbele yangu!

KITINDA: Hapo alizidisha.

DADA: Mmenifanya mjinga ndani ya nyumba yangu. Kikulacho ki nguoni mwako, nilikuwa nausikia tu. Leo nimeuvaa.

KITINDA: Ni chai tu, dada yangu. Tusigombane kwa ajili ya chai.

DADA: Chai tu? Unajua mimi tangawizi inanifanyaje?

KITINDA: Inakufanyaje?

DADA: Inaniunguza kifua, Kitinda! Tangu utotoni! Mwenye duka la dawa akiniona tu anashika vidonge vya kiungulia kabla sijafungua mdomo. Nakunywa naye kila siku ili asinywe peke yake. Nakaa pale, nameza moto, natabasamu.

KITINDA: Kumbe hata wewe huipendi.

DADA: Siipendi. Sijui hata harufu yake nzuri iko wapi.

KITINDA: Sasa mlikuwa mnampikia nani?

DADA: Kesho iko pale pale. Naja kumchukua. Nitampikia ya rangi, nyeusi kama anavyotaka. Yameisha.

KITINDA: Dada...

DADA: Nimesema yameisha. Nina hasira, lakini yameisha. Afunge mizigo.

KITINDA: Ndicho nilichokupigia, tangu mwanzo unanikatiza. Mama anasema... atakaa kidogo.

DADA: Kidogo mpaka lini?

KITINDA: Kidogo tu.

DADA: Kitinda, mpaka lini?

KITINDA: Ameniomba nikuulize kama shemeji yako anaweza kupita kwako na gari la kazini. Achukue lile godoro lake. Na kabati dogo.

[kiti kinasogezwa upande wa Dada]

KITINDA: Haloo? Dada?

DADA: Kabati dogo.

KITINDA: Siyo kwamba hakupendi. Anakusifu kila anayekuja hapa. Ila anasema kwako anajiona mgeni. Hagusi birika, hagusi jiko, hata kikombe chake ukimkuta anakiosha unampokonya.

DADA: Nampumzisha! Mtu kapika maisha yake yote!

KITINDA: Hataki kupumzika. Huku anaamka kabla yetu, anajibandikia maji yake mwenyewe, anatia majani anayotaka, anakaa mlangoni anakunywa. Anaimba, dada. Mimi sikujua kama mama anaimba.

DADA: Kwangu haimbi.

KITINDA: Najua.

DADA: Nilimpa chumba chenye dirisha. Mimi nikalala na vitambaa vya watu.

KITINDA: Anajua, na kila siku anakuombea dua—

DADA: Dua za kazi gani? Ningependa anigombeze. Angenimwagia ile chai miguuni, angesema mwanangu chai yako mbaya, ningelia siku moja tukamaliza. Amenifanya mtu wa kudanganywa. Mtu wa nje hudanganywa, Kitinda. Mtoto huambiwa.

KITINDA: Unalia?

DADA: Silii. Godoro lije kuchukuliwa. Kabati nitalifuta vumbi.

KITINDA: Nikufundishe anavyoipenda? Siku akija kukutembelea umpikie. Ni rahisi tu, maji yakishachemka sana ndio—

DADA: Usinifundishe chai ya mama yangu!

KITINDA: Basi, basi. Nimekoma.

[mkwaruzo, mlango unafunguliwa upande wa Kitinda]

KITINDA: Ee mama... Ndiyo, ni dada... [sauti ya chini] Ameamka, amesikia. Anataka kuongea na wewe. Nampa simu—

DADA: Usimpe.

KITINDA: Ameshanyoosha mkono, dada. Nimwambieje?

DADA: Mwambie salio limeniishia.

KITINDA: Lakini mimi ndiye niliyepiga.

DADA: Basi mwambie limekuishia wewe. Wewe unajua kusema uongo, na yeye anajua kuupokea.

KITINDA: Dada, ngoja, yuko hapa hapa, ana— Dada?

[simu imekatwa]

KITINDA: ...Salio, mama. Limeniishia.