Tumbo Lililopiga Kama Moyo

Assalaam aleykum, ndugu zangu wa kliniki ya presha. Majina ya walionikosea nayakumbuka yote, pamoja na ya baba zao, lakini leo sitaji mtu.

Ndugu yangu mkubwa alifuga ngamia upande wa Bura. Alikuwa na presha kama sisi. Tumbo lake lilipiga karibu na kitovu mpaka kikoi kikatikisika. Alitucheka: "Nyinyi mna moyo mmoja, mimi nina wa akiba." Mgongo ulipoanza kumuuma, wazee wakamwita fundi wa kuchoma kwa chuma cha moto, desturi yetu. Akachomwa alama nne kuzunguka kitovu. Maumivu yakatulia, fundi akasifiwa. Wiki haijaisha, akaanguka kando ya kisima akinywesha ngamia. Gari lilipofika, alikuwa ameshakwenda. Watu wakasema ni jicho baya.

Mimi nikaendelea kuja hapa. Wanafunga mkono, wanaandika, wananipa dawa. Siku moja nikamwambia daktari tumbo langu nalo linapiga. Hakuinua macho. "Mama, hapa tunapima mkono. Mwingine aingie." Nawaambia, mkono huu wanaujua kuliko marehemu mume wangu alivyoujua.

Miaka ikapita. Akaletwa daktari msichana na mashine ya kupiga picha ya tumbo. Alimuuliza kila mzee mwenye presha: kuna ndugu yako aliyekufa ghafla, tumbo au mgongo ukimuuma? Nikamwambia yuko. Nikalala, akanipaka mafuta ya baridi, akatazama.

"Ayeeyo," akaniita bibi kwa lugha yetu, "mshipa mkubwa unaotoka moyoni umevimba humu tumboni kama tyubu iliyochoka. Ukipasuka, hatutakuwahi. Nenda Nairobi ukapasuliwe."

Nyumbani shemeji yangu akasema, "Chuma kwanza. Kisu kiko Nairobi, hakikimbii."

Nikamwambia, "Wewe ndiye uliyeshika miguu ya ndugu yangu akichomwa. Yangu hushiki."

Nikapasuliwa Nairobi, nikarudi na roho yangu. Alhamdulillahi. Namshukuru yule daktari, na binti yangu aliyelala sakafuni kando ya kitanda changu.

Mashine iko leo nyuma ya pazia lile. Nawaona mnavuta shuka, mnaona haya kufunua tumbo. Mwenye presha na umri kama wangu asitoke hapa amepimwa mkono tu. Ndugu yangu alizikwa na makovu manne madogo. Mimi nina moja refu, na baridi ikija linaniwasha. Yake hayamwashi.