Mama Lucky Aliyezipatanisha Ramani Mbili

Krrrii-krrr-iii! Ndivyo ilivyolia simu ya ofisini kwake ilipoita kompyuta ya upande wa pili wa mji, hata majirani wakauliza nani anachinja mbuzi siku ya kazi. Marehemu Eunike Yakobo Mmari, Mama Lucky wetu, alisema ni kompyuta zinaamkiana.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 hapa Mafuruni, binti wa tatu wa Mzee Yakobo. Alisoma shule ya msingi hapahapa, sekondari Moshi mjini, kisha akajifunza kuchora ramani Dar es Salaam. Aliajiriwa ofisi ya ardhi ya Moshi mwaka 1979, akachora kwa wino miaka mingi, vidole vyeusi hata kanisani.

Tarehe 6 Desemba 1980 alifunga ndoa na Bwana Anaeli Mmari, wa kihamba, shamba la migomba la ukoo, cha juu ya kwao. Alimchorea bwana harusi ramani ya mahali pa sherehe. Bwana harusi akaishika juu chini, akafika wageni wameshakula.

Kompyuta zilipoingia maofisini, mwaka 1997, balaa likatokea. Ramani ya ofisi ya misitu iliiweka Mafuruni yote ndani ya hifadhi, tukaamriwa kuhama. Ramani ya ofisi ya ardhi ilituweka nje. Marehemu akashauri kila ofisi ibaki na ramani yake, ila kompyuta zizitume kwa simu, zilaliane kwenye kioo kimoja cha kompyuta, tofauti ionekane.

Shida ilikuwa wakubwa. Bwana Aristides wa misitu na Bwana Kornel wa ardhi walikuwa hawasalimiani tangu harusi moja ambapo kidari cha mbuzi, kipande cha heshima, cha mmoja alipewa mwenzake. Marehemu akachuma majani mawili ya isale, ambayo kwetu ukiletewa huwezi kukataa kupatana, akaweka moja juu ya kibodi ya kila mmoja.

"Eunike, isale ni ya watu, siyo ya mashine," Aristides akalalamika.

"Mashine zimeshapatana, kaka. Mmebaki nyinyi wawili."

Wakakubali. Ramani zilipolaliana mara ya kwanza, kanisa letu likaangukia katikati ya mto. Mchungaji Filemon akakodolea kioo macho.

"Mama Lucky, sisi Walutheri tunabatiza kwa kunyunyizia tu. Mbona umetuzamisha?"

Hapo marehemu akagundua kwamba ofisi hizo zilianza kupima kutoka sehemu mbili tofauti. Akasawazisha. Kanisa likatoka mtoni, mpaka wa msitu ukapanda juu, nyumba zetu zote zikabaki chini yake. Amri ikafutwa. Mbege, pombe yetu ya ndizi, ya wiki ile haikupimwa na ofisi yoyote.

Aliugua saratani ya tumbo mwaka 2003, akatibiwa hospitali ya Mawenzi, ambako aliwakosoa wageni waliosema wodi yake iko kaskazini. Alifariki tarehe 9 Agosti 2004.

Ameacha mume, watoto watatu, Lucky, Doris na Davis, na mjukuu mmoja. Mungu ampe pumziko jema katika udongo huu.

Jioni ya mwisho mumewe alimwinamia, akamuuliza anataka nini. Akajibu kwa sauti ndogo sana:

"Nipeleke nyumbani, Baba Lucky. Bado kupo, hatukuhama."