Hesabu za Meza ya Pili

Ndugu, jamaa na majirani, tunaanza kwa kumshukuru Mola, ambaye pumzi zetu ni amana yake naye huzitwaa kwa wakati autakao. Marehemu alikuwa dada yangu mkubwa. Aliniagiza niuandike wasifu huu, akaniwekea sharti kwamba nisimpambe. Alitaka jambo moja litimie kabla udongo haujamfunika: mumewe, aliyemtangulia kwa miaka arobaini na minne, arudishiwe hesabu zake mbele ya watu.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Februari 1940, mtoto wa kwanza kati ya watoto watatu wa fundi saa na mkunga. Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba viwili. Kimoja tulilala, kingine kilikuwa karakana ya baba, na mlio wa saa ishirini na kitu zisizokubaliana ndio uliotubembeleza. Baba alikuwa akimpa lenzi yake ya jichoni na kumwagiza atafute jino lililovunjika katika gurudumu dogo kuliko punje ya mtama. Alipolipata hakushangilia. Alikabidhi gurudumu lile akaomba jingine. Mama alizoea kusema, “Huyu macho yake kayatoa wapi? Sindano ikianguka chumbani kwangu, yeye yuko uani ameshaiona.”

Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1948 hadi 1954, kisha sekondari ya wasichana hadi Desemba 1958, na mwaka 1960 akapata cheti cha hisabati katika chuo cha ufundi. Katika mtihani mmoja wa kidato cha pili, swali la saba lilichapwa vibaya, hata likawa halina jibu. Darasa zima liliandika jibu moja, kwa kuwa lilikuwa limesafiri dawati hadi dawati. Yeye aliandika neno moja tu: “Sijui.” Mwalimu wa hesabu, mama mkali asiyejua kusifu, alisimama akasema, “Leo nina wasichana thelathini na tisa wanaojua kisichojulikana, na mmoja mwenye akili.” Kwa muhula mzima wenzake walimwita kwa jina hilo. “Sijui, njoo ule!” “Sijui, zamu yako ya kufagia!” Naye aliitika.

Tarehe 1 Septemba 1961 aliajiriwa katika kituo cha elimu ya nyota, akiwa mhesabu wa galaksi katika chumba cha vioo. Wengi walidhani kazi yake ilikuwa ya usiku. La hasha. Alifika saa mbili asubuhi, akaondoka saa kumi jioni, na saa tatu usiku alikuwa amekwisha kulala. Wengine walipiga picha za anga kwa darubini juu ya vipande vya kioo. Yeye na wenzake walivisoma mchana, vikiwa juu ya meza yenye taa chini yake. Katika kioo cha namna hiyo anga ni jeupe na nyota ni nyeusi. Nyota huonekana kama nukta yenye ukingo. Galaksi, ambayo ni mkusanyiko wa nyota mabilioni, huonekana kama tone la wino lililodondokea karatasi mbichi, likasambaa pembeni. Kila kioo kiligawanywa katika miraba, na kazi ilikuwa kuhesabu matone hayo, mraba kwa mraba, bila kuruka hata mmoja.

Kwa nini vihesabiwe vitu vilivyo mbali kiasi hicho? Nilimuuliza hivyo, nikidhani nimemweza. Alinijibu kwamba galaksi hazikutawanywa ovyo kama mtama uliomwagika. Zinakaa katika vikundi, na yetu sisi iko katika kikundi kidogo cha majirani wachache. Vikundi hukutana katika mashada yenye mamia na maelfu, na mashada nayo yameunganishwa kwa nyuzi nyembamba za galaksi, zinazozunguka mapango makubwa ya utupu. “Ulimwengu mzima unaachana, mdogo wangu,” alisema. “Kila siku unaachana. Ila waliokwisha kushikana kwa uzito wao, hao hawaachani. Sisi tunatafuta nani kashikana na nani.”

Kanuni ya chumba kile ilikuwa moja. Kila kioo kilihesabiwa na watu wawili, kila mmoja mezani pake, ubao ukiwa katikati, na ilikuwa haramu kutajiana namba. Tofauti ikizidi sehemu moja kwa kumi, kioo kilikwenda kwa mtu wa tatu. Mola amrehemu aliyeitunga kanuni hiyo, kwa kuwa haikuuliza ni nani aliyekosea. Ilisema tu kwamba wawili wakikosana, aitwe mwingine.

Meza ya pili ilikuwa ya kijana mpole, mwenye kupiga mluzi bila kujua kwamba anapiga. Walihesabu vioo vile vile kwa miezi kumi na minne, wakisikia penseli na mluzi tu ng'ambo ya ubao. Siku moja, saa kumi ilipogonga, kijana yule alichungulia juu ya ubao akasema, “Dada, sisi tunakubaliana mwaka na zaidi bila kuambiana neno. Je, tukiambiana?”

Marehemu alifunga daftari lake taratibu. “Sharti tofauti yetu isizidi moja kwa kumi.”

“Na ikizidi?”

“Tutamwita mama yangu.”

Walifunga ndoa tarehe 17 Aprili 1965, wakajaliwa binti mmoja, mwaka 1968. Wafanyakazi wa kituo walimpa marehemu jina la Mama Vioo. Mumewe hawakumpa jina lolote, naye alilalamika hadharani kwamba anaonewa.

Mwezi Mei 1978 daktari alimwambia mumewe kwamba sukari iliyokuwa ikimsumbua huenda imefika machoni. Marehemu alianza kumwangalia. Aliona anamwaga chai nje ya kikombe, anapapasa vifungo vya shati, anajikwaa ngazini. Wakati huo walikuwa wakihesabu eneo lililo kati ya mashada mawili makubwa, vioo thelathini na kimoja, na hesabu zao, zilizokuwa zikiandamana kwa miaka kumi na sita, zikaanza kuachana. Namba za mumewe zilikuwa chini. Mhesabu aliyepungukiwa na macho alihamishiwa ghalani kupanga masanduku, naye mumewe hakuwa na furaha nyingine nje ya nyumba yake ila meza ile.

Basi kanuni ikavunjwa. Karatasi za meza zote mbili zilipitia mkononi mwa marehemu kwenda ofisini. Kwa miezi tisa, kuanzia Juni 1978 hadi Februari 1979, alizinakili upya karatasi za mumewe, akaiga mwandiko wake, hata ile saba yake yenye mkato, na kuzipandisha namba za mumewe zikaribie zake yeye. Aliacha tofauti ndogo ndogo, maana hesabu mbili zinazolingana mno hutiliwa shaka. Karatasi halisi alizichukua nyumbani, akazificha ndani ya bahasha ya kaki. Mumewe hakujua. Mkuu wa idara alipomsifu, alirudi nyumbani ametuna kama jogoo. “Umesikia, mke wangu? Nimeambiwa nina macho ya kipanga!”

“Kipanga gani anayemwaga chai mezani?” marehemu alimjibu, akacheka, akaenda jikoni akakaa huko kitambo.

Mumewe alifariki tarehe 22 Aprili 1979. Ramani ilichapwa mwaka 1983, na kati ya mashada yale mawili ulionekana uzi mnene wa galaksi, uliosifiwa na wengi. Kila alipousikia ukisifiwa, marehemu aliinamisha kichwa. Meza ya pili ilikaliwa na mwingine, mtu mwema, mwenye bidii. “Nilikuwa namaliza mstari, halafu nasubiri,” aliniambia. “Sikujua nasubiri nini. Kumbe nangoja penseli yake ifike mwisho.” Alingoja hivyo kwa miaka kumi na saba, akiwa mezani pake.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Naye hakutaka kuumbuliwa na kifo. Ijumaa tarehe 28 Juni 1996, siku ya kustaafu kwake, aliingia kwa mkuu wa idara akakiri. Mkuu alimsikiliza kwa upole, kisha akaamua kwa namna yake. Toleo la pili la ramani lilipotoka mwaka 1998, chini ya ukurasa palikuwa na mstari huu: hesabu za meza ya pili katika vioo thelathini na kimoja zimefutwa, kwa kuwa mhesabu alikuwa amepungukiwa na macho. Kosa la mke halikutajwa. Hesabu zake zilibaki. Uongo haukuondoka, ulibadili nguo tu.

Binti yao, ambaye ni mfamasia, aliusoma mstari ule akaja nao kwa mama yake. “Mama, baba ana miaka kumi na tisa kaburini. Umemfufua ili umwite kipofu?” Kwa miaka kumi na mitatu iliyofuata walijuliana hali kama watu wa nyumba mbili.

Mwezi Agosti 2011 kituo kilivipitisha vioo vya zamani katika mashine inayosoma na kuhesabu yenyewe. Mtunza vioo, msichana mwenye adabu, alimpelekea marehemu orodha yenye hesabu za mashine na zile za meza ya kwanza. Lakini macho ya marehemu yalikuwa yameingia mtoto wa jicho, hakuweza kusoma. Alimpigia simu bintiye, naye akaja. Waliketi kwenye meza ya jikoni, mchana, mimi nikiwapo. Ndipo kwa mara ya kwanza ile bahasha ya kaki ilipofunguliwa mbele ya mtu.

“Kioo cha kwanza,” marehemu alisema. “Mashine?”

“Mia nne na kumi.”

“Yangu?”

“Mia tano sitini na mbili.”

“Soma vizuri, mwanangu.”

“Nasoma vizuri, mama. Mia tano sitini na mbili.”

“Ya baba yako?”

Binti alitoa karatasi ndani ya bahasha. “Mia nne na kumi na tano.”

Kisha marehemu akasema, “Kingine.” Wakasoma kingine, na kingine, mpaka vyote thelathini na kimoja. Katika kumi na tisa mumewe ndiye aliyekuwa karibu na kweli. Katika vinane alikuwa mkewe. Katika vinne walikosea sawasawa.

“Na ile chai?” marehemu aliuliza. “Si alikuwa anaimwaga? Niliona kwa macho yangu.”

“Mikono, mama. Sukari hula mishipa ya mikono na miguu, mtu hahisi anachoshika. Baba alikuwa haoni vibaya. Alikuwa hashiki vizuri.”

Watu wa kale waliona angani wawindaji na samaki kwa kuunganisha nukta zisizojuana, na jicho la mwanadamu halijaiacha tabia hiyo. Marehemu alilieleza jambo hilo kwa ufupi kuliko wanazuoni. “Nilikuwa nataka yale mashada yaungane,” alisema. “Yeye alikuwa anaondoka, mimi nataka yaungane. Basi kila doa nikaliita galaksi.”

Nilijaribu kumfariji, nikamwambia kwamba Mola huangalia nia, na nia yake ilikuwa njema. Alinigeukia. “Wema wangu ndio uliomfuta.” Binti yake alisogeza kiti, akamshika mkono, na tangu siku hiyo hawakuachana tena.

Marehemu aliandikia kituo mwaka 2011, 2014, 2017 na 2020, akiomba mstari ule uondolewe na kosa liandikwe kwa mwenyewe. Alijibiwa kwamba barua zimepokelewa. Safari moja afisa alimwambia kwa simu, “Mama yangu, ramani ile ni ya zamani. Nani anaisoma siku hizi?” Akamjibu, “Mimi.” Lakini kilichomuuma si kituo. Alitamani mtu mmoja ajue, na mtu huyo hakuwa na anwani. Mara nyingi nilimkuta ameketi dirishani, midomo ikicheza, nikadhani anasali. Alikuwa akisema namba: ya mashine, kisha ya mumewe, kisha kimya.

Marehemu alianza kuugua moyo mwezi Machi 2019. Binti yake alihamia kwake na kumuuguza bila kuchoka. Mwishoni mwa Oktoba mwaka huu hali ilibadilika, akalazwa. Alhamisi tarehe 9 Novemba 2023, saa nne asubuhi, aliitwa na Mola wake, akiwa na umri wa miaka themanini na mitatu. Wiki moja kabla, tarehe 2, alimwandikisha bintiye maneno haya, nami nayasoma kama yalivyo:

“Mimi, mhesabu wa meza ya kwanza, nilibadili hesabu za mume wangu katika vioo thelathini na kimoja. Yeye hakujua. Kati ya mashada yale mawili uzi upo, lakini ni mwembamba, kama yeye alivyouona. Kosa niandikieni mimi. Yeye mrudishieni macho yake.”

Wakuu wa kituo mlioketi mstari wa mbele, mmesikia, nasi sote ni mashahidi. Bahasha anayo binti, na ataikabidhi kwenu baada ya maziko.

Marehemu ameacha binti mmoja, mkwe mmoja, wajukuu watatu, kitukuu mmoja, mdogo wake wa kike, na mimi. Analazwa leo ubavuni kwa mumewe, mahali alipoomba mwenyewe. Mola Mwenye rehema amsamehe lililokuwa lake, ampe kumwambia mumewe aliyotamani ayajue, na baada ya kuambiana, awape wote wawili pumziko lenye amani. Amina.