Aliyeifikisha Mbegu

Bibi alikuwa akienda kumwona mjukuu wake wa kwanza, mtoto wa mwanawe wa kiume, lakini moyo ulimuuma. Akamweleza jirani yake wa kiti ndani ya basi, dada wa maabara ya hospitali: "Mashemeji zangu wanasema mtoto ni mbegu ya ukoo wao. Eti mimi sina changu pale."

"Mbegu bila injini itafika wapi, Bibi?" dada akasema, wala hakupunguza sauti. "Kila mbegu ya mwanao ina vijiinjini vya kuuchapusha mkia. Vina DNA yao vyenyewe, na hiyo mwanao kaipata kwako tu. Baba yake hakutia hata chembe."

Bibi akajiweka sawa kitini kama bi harusi. "Hebu rudia, mwanangu. Yule baba wa kiti cha nyuma hajasikia."

Baba wa nyuma alikuwa amesikia vizuri sana. Akageukia dirishani.

"Kwa hiyo mjukuu naye anazo injini zangu?" Bibi akauliza.

"Hapana, Bibi. Hizo huishia ndani ya yai. Za mtoto zimetoka kwa mama yake."

Gari likasimama, Bibi akanyanyua kikapu chake, kidevu juu. "Haya, mkwe wangu naye ajivunie. Ila ile mbegu ilifika, au haikufika? Niliyeifikisha ni mimi!"