Sufuria Ndogo kwa Wenye Utumbo Mgonjwa

Mgeni rasmi, Mama Cicily Muthamia, msimamizi wa mapishi ya harusi na mazishi katika kanisa letu. Wazee wetu na majirani wa Kanyakine, hamjambo.

KARIBU
Sisi wanachama kumi na mmoja wa kikundi cha Utumbo Mtulivu tumefurahi kukuona. Tunakushukuru pia kwa zawadi ya gunia la maharagwe. Tumeliweka mahali pakavu na tunalitazama kwa heshima.

TULIKOTOKA
Tulianza mwaka wa 2017 tukiwa wanne. Tulijuana kwenye foleni ya choo cha kliniki, mahali ambapo mtu haringi. Kila mmoja alikuwa ameshaambiwa ana vidonda vya tumbo, minyoo, au amerogwa. Daktari akasema ni uvimbe sugu wa utumbo. Hauambukizi, wala hauletwi na majivuno.

MAFANIKIO
Mtaalamu wa lishe, Bi. Muthoni, ametufundisha kwamba hakuna chakula kimoja kinachotufaa sote. Utumbo ukitulia, wengi wetu hula karibu kila kitu. Ukiwaka, tunakula vyakula laini kidogo kidogo: viazi vya kuponda, wali, mayai, supu ya kuku. Bwana Naftaly ameongeza kilo tisa. Mzee Runji amekaa ibada nzima, pamoja na matangazo.

CHANGAMOTO
Changamoto yetu ni sahani. Hapa kwetu, anayekataa muthere amedharau mji mzima. Hatuchukii mchanganyiko huo wa mahindi na maharagwe, ndio uliotulea.

Mwezi wa Aprili, kwenye mazishi ya Mzee Kiambi, mwanachama wetu Kiende, mchumba wa kijana wako Mwirigi, alisema ameshiba. Mpishi akamsimamia na mwiko.

"Umeshiba nini na hujakula? Ama unatuona sisi wachafu? Kula bwana!"

Akala, akasema asante. Utumbo wake una mahali palipobana, na mahindi yakakwama hapo. Alilazwa siku kumi na tisa.

Mpishi huyo, Mgeni rasmi, ulikuwa wewe. Hatukulaumu, kwa sababu hukujua. Ulienda hata kumwona wodini, ukambebea muthere mwingine.

MAOMBI
Tunaomba kila sherehe iwe na sufuria moja ndogo ya chakula laini, na asiyekula asiulizwe mbele ya watu.

Tena, harusi ya Kiende ni Desemba. Desturi ya nyumba yako ni bibi harusi kumaliza sahani ya mama mkwe wageni wote wakitazama. Tunaomba sahani hiyo iwe ya viazi.

Wenzangu wote wamekataa kusoma sehemu hii, wakasema nisome mwenyewe. Kiende ni mimi. Mama, ninakupenda, na najua nikikuambia hapana utaumia. Lakini nilipokuwa wodini niliogopa sana. Sitaki kufa kwa kukufurahisha.

Mungu akulinde, Mama, wewe na jiko lako.

Ni sisi,
Utumbo Mtulivu, Kanyakine.